Swali la Muuguzi Siku Moja Kabla ya Kupasuliwa

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana mimi ninayesimama hapa mbele yenu, sasa hivi ningekuwa nimezikwa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Dieudonné, fundi wa kuchomelea vyuma, nakaa Naviundu, na ni mtu wa kikundi chetu cha maombi tangu zamani. Nimekuja kuwaambia jambo lililonipata.

Nilikuwa na ngiri. Miaka mitatu niliificha. Mchana nainua milango ya chuma, jioni nairudisha ngiri ndani kwa vidole, kesho yake tena kazini. Siku moja ikakataa kurudi. Maumivu gani yale! Nilianguka karakanani. Hospitalini waliirudisha kwa shida, na daktari akaniambia, "Ikitoka tena hivi, itakuua. Tunakupasua Alhamisi."

Nyumbani tukajitayarisha. Mke wangu, Mama Chantal, alipanga beseni, ndoo, shuka mbili, sahani na termosi. Shemeji zangu wawili walienda kutoa damu. Mimi nilifunga na kuomba, rozari mkononi. Nikasema, sasa niko tayari. Kumbe bado!

Jumatano asubuhi tulienda kumwona Mama Odile, muuguzi anayewatia wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Aliniuliza mengi. Unavuta sigara? Unakunywa dawa gani, hata za mizizi? Uko na meno ya kubandika? Nikajibu yote. Kisha akauliza:

"Papa, mu famille yenu kuko muntu alipataka magumu na dawa ya usingizi?"

"Hapana," nikasema. Upesi sana.

Mama Chantal akanigeukia. "Papa Chantal! Na mama yako?"

"Mama yangu balimulogaka. Ile haiko mambo ya dawa."

Mama Odile hakunicheka. "Balimulogea wapi?"

"Mu chumba ya operesheni."

Akaweka kalamu chini. "Ile siku, nani alikuwa naye?"

Ndugu zangu! Aliyekuwa naye ile siku, na ambaye bado yuko hai, ni mtu mmoja tu: Mama Mukubwa Verena, dada mkubwa wa mama yangu. Yule tuliyemwita mulozi, mchawi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama aliingia hospitali kupasuliwa tumbo, na dada yake ndiye aliyemlinda, akamwosha asubuhi ile, akamfunga kitambaa kichwani. Mama akatoka maiti. Baba, mtu wa reli, aliporudi safarini aliambiwa kwamba mwili wa mke wake ulikuwa moto kama pasi. Maiti yenye moto! Wazee wa familia wakakaa, wakamnyooshea kidole Mama Mukubwa. Vyombo vyake vikatupwa nje. Akaenda Kasungami kulima, peke yake. Miaka ishirini na sita sikumsalimia. Siku moja nilikutana naye njiani, amebeba matembele ya kuuza, nikavuka upande wa pili.

Na kuna baya zaidi, ninyi wa kikundi mnalijua. Tulifunga hapa hapa, tukataja jina lake, tukaomba moto umshukie. Jina lile nililileta mimi.

Mama Odile akasema, "Papa, operesheni iko kesho. Unitafutie ile habari leo. Bila ile, siwezi kukugusa."

Tukachukua teksi mpaka Kasungami. Tulimkuta ameinama kwenye matuta yake. Aliponiona akanyooka. Nilingoja anifukuze. Akaniangalia, akasema, "Dieudonné. Umekonda."

Hata salamu sikutoa. Nikasema, "Mama Mukubwa, kesho banapasula miye. Banauliza mama alikufaka namna gani."

Akakaa chini, palepale udongoni.

"Balimupatia dawa ya kulala," akasema. "Kisha docteur akatoka mbio. Meno ya mama yako ilijifunga, kinywa haikufunguka. Mwili ikakakamaa sawa kibao, ikaanza kuwaka. Balimumwangia mayi ya baridi, bure. Docteur akaniambia ni ile dawa, mwili yake haikuikubali. Nilimwambia baba yako. Mara tatu nilimwambia! Akajibu, mulozi ndiye anajua kueleza." Akapangusa udongo mikononi. "Na kaka yetu wa Sakania alikufaka vile vile, ku operesheni ya appendice. Ule naye balisema ni miye nilimuloga."

Nilishtuka! Watu wawili! Mjomba nilijua alikufa, lakini hakuna aliyeniambia alikufaje. Watu wawili wa damu moja, moto ule ule, na sisi tulichoona ni mulozi tu!

Mama Chantal alilia. Mimi machozi hayakutoka. Nikauliza kama anaweza kuja kumweleza muuguzi. Alinawa mikono, akabadili kitenge, akatutangulia kwenye teksi.

Mama Odile alimsikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi.

"Papa," akaniambia, "kesho ningekupatia dawa ya namna ile ile."

Akaeleza kwamba ni kitu cha mwili, kinapita katika damu ya familia. Mtu anakuwa mzima kabisa, mpaka siku akipewa dawa ile. Akamwita daktari. Wakakubaliana nisilazwe usingizi, nichomwe sindano ya mgongo. Akaandika kwa wino mwekundu juu ya faili yangu, akasema watoto wangu nao waseme hivyo katika kila hospitali watakayoingia.

Alhamisi nilichomwa. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nilikuwa macho! Nilisikia makasi, nikamsikia daktari akiomba uzi, na machozi yakaanza kutoka. Mama Odile akainama, "Unasikia maumivu?" Nikasema hapana. Ningemweleza nini?

Waliponitoa, Mama Mukubwa alikuwa mlangoni pamoja na mke wangu, ameshika beseni letu. Nikataka kuinuka. Nikamwambia, "Mama Mukubwa, unisamehe, siwezi hata kupiga magoti, miguu bado imekufa."

Akanirudisha kwenye mto. "Lala. Banasema usiinue kichwa."

Siku zote nilizolala pale, alinifulia nguo.

Ndugu zangu, Mungu ameniokoa na kifo, na ameniokoa na uongo nilioula tangu utoto! Ninamshukuru, ninawashukuru daktari na Mama Odile. Wewe unayekwenda kupasuliwa, mtumaini Bwana kwa moyo wote, na ukiulizwa, sema yote. Usifiche mtu aliyekufa nyumbani kwenu. Kaulize, hata kwa yule usiyetaka kumwona.

Mama Mukubwa Verena yuko hapa leo, benchi la tatu, upande wa akina mama. Nilimwomba asimame, amekataa. Nilimwuliza anataka nini kwetu sisi tuliotaja jina lake. Akasema, "Banisalimie tu."

Ibada ikiisha, ndugu zangu, nitatangulia mimi. Mnifuate.