Mzee Spana, Aliyekataa Kipuri Kipya

Ndugu, jamaa na majirani, mtakayosomewa hapa hamtayaamini, na aliyeyaandika hawalaumu, maana naye angesimuliwa na mtu mwingine angenyanyuka akaenda zake. Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Spana, hakufa kwa uzee wala kwa kukosa hospitali. Amekufa kwa ubishi wa magari. Swali moja la gereji, gari gani ni la kutegemewa, ndilo lililomlaza hapa. Mdogo wake, anayewasomea haya, ana hasira naye mpaka dakika hii, wala hataificha eti kwa sababu mwenzake yuko ndani ya sanduku.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo. Mdogo wake alimfuata miaka mitatu baadaye, akiwa na sura nzuri zaidi, jambo ambalo mama yao hakulikana hata siku moja. Inasemekana baba alipowasha lori alfajiri, kichanga huyu alinyamaza kulia akasikiliza. Mdogo wake anaamini lori lilimzidi sauti tu.

Aliingia shule mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970. Alipokuwa la tano aliifungua kengele ya umeme ya shule, kwa kuwa ilikuwa inakwaruza. Akaifunga tena, ikalia safi kabisa, ila skrubu moja ikabaki mfukoni mwake. Mwalimu mkuu alipomuuliza imetoka wapi, alijibu, "Hii waliizidisha kiwandani, mwalimu." Alichapwa, lakini tangu siku hiyo hakuna kiwanda alichokipa heshima. Mdogo wake aliishia la sita, kwa hiari yake mwenyewe.

Mwaka 1971 alianza kujifunza ufundi, na mwaka 1982 ndugu hao wawili wakafungua gereji yao: kiwanja kimoja, paa la mabati, na shimo la kuingia chini ya gari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wakati huo mjini kulikuwa na magari ya aina mbili yaliyopendwa. Makampuni yana majina yao, lakini hayatatajwa, kwa sababu mdogo wake marehemu hana wakili. Mtaani moja waliiita Kobe na nyingine Swala. Kobe ilikuwa inaharibika kila mara, lakini kila kitu chake kilifunguka kwa spana tatu na kurekebishwa popote. Swala ilikuwa haiharibiki ovyo, ila ikiharibika hakuna cha kurekebisha. Unang'oa kipuri kizima, unafunga kipya.

"Gari la kutegemewa," marehemu alikuwa akisema, "ni lile likikufia njiani unalifufua mwenyewe."

"Kaka, la kutegemewa ni lile lisilokufia njiani. Hilo nalo linahitaji kusoma?"

"Wewe hukusoma, ndiyo maana unaliona jepesi."

Wakagawana kiwanja. Upande wa kulia ukawa wa Kobe, wa kushoto wa Swala. Sasa sikilizeni dhuluma ya dunia. Kwa kuwa Kobe zilikuwa zinaharibika, upande wa marehemu ulijaa mpaka barabarani. Kwa kuwa Swala zilikuwa haziharibiki, mdogo wake alikaa kwenye benchi akihesabu mabati. Wateja walimwangalia kwa huruma. "Mbona kwako hakuna kitu, fundi?" wakauliza. "Kwa sababu niko sahihi," akawajibu. Wakacheka, wakapeleka funguo upande wa pili. Mtu akisifiwa mji mzima kwa kutengeneza kimeo anachokisifu mwenyewe, na aliyechagua gari zima anaitwa mvivu, hasira isije kwa nini?

Marehemu alikuwa akimwita mdogo wake kutoka shimoni, kwa jina alilompa yeye: "Tarumbeta, njoo unishikie taa. Uwe sahihi huku unafanya kazi." Naye mdogo wake alikwenda. Nani angeishika vizuri kama yeye?

Tarehe 8 Desemba 1984 marehemu alifunga ndoa na karani wa posta, ambaye leo ni mjane wake. Asubuhi ile Kobe ya bwana harusi ilizima katikati ya barabara. Akashuka na suti yake, akachomoa bomba la mafuta, akalipuliza kwa mdomo, likazibuka. Aliingia ukumbini ananuka petroli, na bibi harusi alikula kiapo amesimama mbali kidogo. Marehemu alikisimulia kisa hicho maisha yake yote kuthibitisha ubora wa Kobe. Mdogo wake alikisimulia kuthibitisha kinyume chake. Shemeji aliwaambia wote wawili wamwache ale.

Mwaka 2020 pumzi zilianza kumpungukia. Mdogo wake akampeleka hospitali, kwa Swala, na walifika. Daktari, mwanadada mpole, akamchorea moyo kwenye karatasi. "Mzee, vali hii haifungi vizuri. Damu inarudi ilikotoka."

Marehemu akachangamka. "Vali nimezisaga tangu ujana, binti yangu. Mnaisaga taratibu mpaka ikae kwenye kiti chake."

"Hii yako imechakaa, haisagiki. Tunaitoa, tunaweka nyingine."

"Nzima?"

"Nzima."

"Kumbe mnatengeneza Swala humu," akasema, akachukua koti lake.

Mdogo wake alimkimbilia kwenye korido. "Kaka, huo ni moyo."

"Ndiyo maana siwapi wang'oe."

"Swala ngapi nimezifunga kipuri kipya, na ziko barabarani mpaka leo?"

"Na wewe unashinda kwenye benchi mpaka leo. Twende nyumbani."

Akaenda nyumbani, na huko akajirekebisha mwenyewe, Kobe mtupu. Akaacha chumvi, akapunguza ngazi. Akilala chali anakosa hewa, basi akang'oa kiti cha mbele cha Kobe mbovu, akakifunga kwa boliti kwenye sakafu ya chumbani, akawa analala humo ameegemea, na mjane wake kitandani pembeni kama abiria. Miaka miwili na zaidi. Mdogo wake aliomba, alifoka, alinuna, alirudi kuomba. Jibu lilikuwa lile lile: "Bado inawaka."

Huyu, jamani, ndiye aliyekuwa akiwafokea wateja waliochelewa kuleta magari. Wengi wenu hapa mmefokewa. "Gari linakuambia linaumwa, wewe unaongeza sauti ya redio." Si maneno yake hayo? Basi moyo ulimwambia, naye akaongeza sauti ya redio. Kila fundi hapa anajua mtu wa namna hiyo anaitwaje gereji, na mdogo wake alimwita hivyo hivyo, usoni, mbele ya shemeji.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2023 spana ilimponyoka ikaanguka miguuni pake, akaiangalia tu. Akamwita mdogo wake. "Haya, Tarumbeta. Nipeleke wakanifunge hicho kipya." Yule daktari alipima, akapima tena, akavua miwani. Moyo ulikuwa umevimba na kuchoka, usingeweza kustahimili upasuaji. Angekuja mara ya kwanza, alisema, ingewezekana. Njiani kurudi mdogo wake aliendesha Swala kama amebeba mayai. Marehemu ndiye aliyesema: "Ulikuwa sahihi. Usiwatangazie." Ndiyo hivyo, sasa mmetangaziwa.

Mzee Spana aliaga dunia mchana wa tarehe 9 Juni 2023, nyumbani, kwenye kiti chake, mjane wake akiwa amemshika mkono.

Aya inayofuata marehemu aliisikia kwa masikio yake. Wiki ile ya mwisho alidai asomewe wasifu wake kabla haujachapwa, kwa madai kwamba mdogo wake atamsingizia. Shemeji ameagiza iachwe kama ilivyokwenda siku hiyo, naye habishiwi.

"Alale pasipo na injini ya kumwamsha," mdogo wake alimsomea, "na mwenye kuwapumzisha waliochoka ampokee bila kumbishia. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, gereji moja, na mdogo wake wa pekee, fundi asiye na mfano, ambaye Swala yake, tangu alipoinunua, haijawahi kuzima njiani hata mara mo…"

"Ngoja hapo," marehemu alisema, macho ameyafumba. "Siku ya posa yako, ni nani aliyekuvuta kwa Kobe mpaka mlangoni kwa wakwe zako?"