Mwalimu Mwanakheir na Kipindi Kilichofuata Maji

"Ombi la Kipindi cha Mazoezi cha Jumatano Kuanza kwa Saa Zisizolingana kwa Sababu ya Kupwa kwa Maji", ndicho kichwa cha barua ya mwisho aliyoiandika dada yetu, marehemu Mwanakheir Jaku Mmanga, yenye nakala kwa ofisi tano, na kwa kuwa kila aliyekuja kutupa pole ameiulizia, familia imeona tuitaje mapema, kisha turudi nyuma kwa utaratibu.

Marehemu alizaliwa Kidichi tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Jaku Mmanga na Bi Tahiya Kheir, akaanza skuli mwaka 1973, akawachosha walimu kwa maswali, hata baba akawa anasema, "Huyu ukimtuma hiliki, atakuuliza kwanza nani kaiambia iote."

Alihitimu ualimu mwaka 1990, na Januari 1991 akapangiwa Jambiani, ambako somo lake la kwanza lilihusu maji kujaa na kupwa, akachora mwezi na bahari kwa chaki za rangi tatu, akaandika kuwa maji hupwa saa nne asubuhi, kwa sababu jana yake aliyaona yamepwa saa nne, akawaahidi watoto kuwapeleka pwani wiki ijayo saa hiyo hiyo, wakaenda, wakakuta bahari imejaa tele. Bi Duni Borafya, mkulima wa mwani aliyekuwa akipita, alimwambia, "Mwalimu, maji hayaendi kwa saa za serikali. Vua viatu, kesho kutwa njoo nikuoneshe." Alikwenda, na miaka yote alisema kuwa chuoni alipewa cheti tu, ualimu kaupata kwa Bi Duni.

Tarehe 6 Juni 1993 aliolewa na Bwana Abrahman Hamad, seremala wa Malindi, wakajaaliwa watoto wawili, Yusra na Ayoub, ambao hawakuwahi kupewa jibu kabla ya kuulizwa, "Wewe unaonaje?"

Mwaka 2007 aliajiriwa kuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo cha elimu cha chuo kikuu kimoja hapa Unguja, akaweka sharti kwamba kila mwalimu mtarajiwa awe kwanza mwanafunzi wa Bi Duni, afunge mwani kwenye kamba, akosee, achekwe na kina mama, ndipo akabidhiwe darasa. "Asiyewahi kuchekwa akijifunza," alisema, "atamcheka mtoto wa watu."

Mwaka jana ilitoka ratiba mpya, mazoezi yote yawe Jumatano saa mbili asubuhi, na kipindi cha nje ya saa hiyo kisihesabiwe alama, na bila alama hizo wanafunzi wake thelathini na wanane wa mwaka wa mwisho wasingehitimu. Alishauriwa, kwa nia njema kabisa, asaini tu kwamba wamekwenda pwani saa mbili, akakataa, akaandika barua, akatakiwa aambatanishe uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mhusika, akajibu kwa adabu kwamba mhusika ni bahari.

Maradhi ya moyo yalimwanza Februari mwaka huu, akalazwa mara mbili, na alfajiri ya Jumapili tarehe 25 Mei 2025 akafariki akiwa na miaka hamsini na minane, barua haijajibiwa, akazikwa Kidichi siku ya pili yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia maswali yake hata kuhusu mashine zao, majirani wa Malindi waliotupikia, wakufunzi wenzake, na ofisi zote tano, zilizothibitisha kupokea nakala. Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na dada yetu apumzike.

Wapo walionung'unika kwamba juzi Jumatano kwenye khitma hakuonekana hata mwanafunzi wake mmoja. Walikuwa Jambiani, wote thelathini na wanane. Hakuna aliyewapa ruhusa, na walijua kwamba alama hazitahesabiwa. Maji yalipopwa saa nne waliingia, wakafunga mwani na Bi Duni mpaka yalipoanza kujaa.