Huyu Si Dada Yangu

Mheshimiwa Naibu Meya Guk, Mwenyekiti mpya wa kamati yetu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote.

Mimi, Ham Sun-rye, leo nang'atuka baada ya miaka kumi na tisa ya kuongoza maandamano ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja katika jiji hili. Nilipanga kushukuru tu, kisha nikae. Lakini Mheshimiwa amenikabidhi cheti hiki sasa hivi akisema, "Tunampongeza Bi Ham na dada yake, Bi Mal-sun." Dada yake! Mkapiga makofi. Mimi damu ikanichemka.

Simlaumu peke yake. Mwaka wa kwanza tulikuwa watu arobaini na wawili, nusu yetu tumevaa barakoa tusije tukafukuzwa kazi. Tulipanga foleni siku sita mbele ya kituo cha polisi, maana anayetangulia kujiandikisha ndiye anayepewa barabara, na wapinzani wetu nao walipanga, na ngoma zao. Mama mmoja akapayuka, "Hamna haya! Rudini nyumbani mkapike!" Mal-sun akafunua kikapu cha kimbap, wali ulioviringishwa kwa mwani. "Tumeshapika, mama, karibu ule!" Hata polisi walicheka. Walipomuuliza mimi ni nani, akajibu, "Mdogo wangu." Nami nikamwita dada, kama sote tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri. Neno hilo lilikuwa limetufaa tangu miaka saba kabla ya hapo, tulipoanza kuishi pamoja. Mwenye nyumba akatupangisha, majirani wakatuzoea. Miaka ishirini na sita tumejificha humo, hata siku zile tulizopita barabarani tukidai tutambuliwe!

Mwezi uliopita Mal-sun alianguka jikoni. Hospitalini nikaulizwa, "Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

"Hati ya udugu iko wapi?"

Nikasema ukweli. Karani akafunga faili. "Basi wewe ni mtu baki, mama. Mlete ndugu."

Mtu baki! Mimi ninayemwogesha, ninayejua kila kidonge anachomeza! Saini ya kumlaza ikatiwa na mpwa wake, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajapiga hata simu. Jumatatu Mal-sun anapasuliwa moyo, bila saini ya ndugu hapasuliwi, na mpwa amesema hana nafasi. Nani atatia saini, Mheshimiwa? Cheti hiki? Au mlidhani tunaandamana ili tupunge bendera na kucheza muziki?

Kichukue cheti chako. Ninayo hapa fomu ya upasuaji. Palipoulizwa uhusiano nimeandika "mke", kwa wino, na jina langu chini yake. Hospitali ni ya jiji, na ofisi yako ndiyo inayoisimamia. Bado idhini yako tu, na kalamu hii hapa.

Ndugu zangu, asanteni sana kwa kunisikiliza. Mimi sishuki jukwaani mpaka atie saini.