Mwihaki Anasafiri Peke Yake

Basi la Kajiado lilitoka Kitengela nusu tupu, lakini mama aliyeketi mbele yangu alikuwa amejibana dirishani, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Mzee wa shuka nyekundu aliyekaa kando yake alishindwa kuvumilia.

"Mama, unamficha nani uso?"

"Msichana wangu, Mwihaki. Yule wa sweta ya kijani, kiti cha mbele. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Chuo kinachomfunza kuoka mikate kimesema leo asafiri peke yake."

"Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Kuhakikisha ako peke yake," alijibu, na hakuonekana kuona tatizo.

Mzee alicheka polepole. "Sasa atajifunza lini?"

"Na akipotea, ni wewe utamtafuta?"

Mzee akatazama ng'ombe waliokuwa wakila nyasi nje. Mimi pia nilitazama ng'ombe, maana swali lenyewe halikuwa la mchezo.

"Lakini siku moja hutakuwa nyuma yake," mzee alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Hiyo siku si leo."

Karibu na Isinya Mwihaki aligonga dirisha. "Shukisha hapa, chuoni."

Mama aliinama nyuma ya kiti. Mwihaki alishuka bila haraka, kisha akamgeukia kondakta.

"Ngoja kidogo. Kuna mama amejifunika uso huko nyuma, naye pia anashukia hapa. Msaidie, hajazoea hii njia."