Leo Nimeambiwa Anakokwenda

Mheshimiwa Naibu Gavana, Mheshimiwa Kadhi, Kanali na wenzako wa Jeshi la Wanahewa, wakubwa wa shirika la ndege, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama wenzangu wa maziwa ya ngamia, mliofunga biashara asubuhi hii Garissa nzima ikakosa chai: assalamu alaikum!

Kaeni, kaeni. Mimi ni Sadia, mama yake Kapteni Iftin. Nimepewa dakika tano. Wallahi, aliyenipa dakika tano ana mzaha!

Mnamwona yule pale anayejifanya hanijui? Miaka mingi amerusha ndege za jeshi. Mwaka jana akavua magwanda, akarudi darasani kujifunza kubeba abiria, na leo, kwa mara ya kwanza, anakwenda Wajir yeye mwenyewe akiwa ndiye mkubwa wa ndege. Mashallah! Haya, vigelegele viko wapi? Mnaniachia mimi peke yangu?

Lakini msidhani mambo yalikuwa rahisi. Mwezi uliopita, akiwa bado chini ya mwalimu, alipeleka watu Buna. Kufika juu ya kiwanja, ngamia wamejaa tele. Jeshini unafanyaje? Unapita chini kwa kishindo, wanatimka, unazunguka, unatua. Basi naye akafanya vivyo hivyo, kimya, bila kumwambia mtu neno. Ngamia walikimbia. Abiria je, wangekimbilia wapi? Mzee Sugow, muuza ng'ombe, yule pale anacheka, siku hiyo alisoma shahada kwa sauti na kumsamehe shemeji yake makosa yote. Walipotua salama, akaufuta msamaha!

Mwalimu akauliza, "Kwa nini hukuwatangazia?" Binti yangu akajibu, "Afande, sijazoea mzigo unaopiga mayowe."

Ikabidi aje nyumbani afundishwe kusema na watu. Nikapanga chupa za chai jikoni mstari mmoja, nikaketi katikati yake, abiria mimi. Akasimama wima. "Abiria! Fungeni mikanda. Mtajulishwa mkifika." Nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka kichwani. Nikamwambia, "Hooyo," maana kwa Kisomali hooyo ni mama, na kwetu mama na mtoto huitana hivyo hivyo, "hao ni watu, nyumbani wana mama zao. Waambie wanakokwenda."

Nilipolisema hilo, kicheko kikanikatika. Kwa sababu mimi, ndugu zangu, sikuwahi kuambiwa. Nikipiga simu, "Uko wapi?" "Kazini, hooyo." "Kazini wapi?" "Umekula, hooyo?" Basi. Nikisikia mngurumo juu, naacha maziwa yakifurika jikoni, natoka nje, naiombea dua kila ndege inayopita, hata za watu nisiowajua. Kanali, sikulaumu, siri ya jeshi ni siri. Ila niliogopa. Niliogopa sana. Siku moja kwa hasira nikaapa mbele yake: sitapanda ndege yako hata moja, mpaka uniambie inakwenda wapi. Akanimiminia chai tu.

Na leo jamani? Leo Wajir imeandikwa pale ukutani kwa herufi kubwa, na saa ya kuondoka, na saa ya kurudi! Watoto wanaisoma! Mimi nimepewa kiti cha dirishani. Askari wa mlangoni anasema dumu langu la maziwa haliingii ndani. Tutaelewana.

Nawashukuru jeshi kwa kunitunzia binti yangu, na shirika kwa kunirudishia. Nawashukuru nyote mliokuja.

Lakini kiapo ni kiapo. Kapteni, inuka. Shika hiki kipaza sauti, useme watu wote wasikie. Hooyo, unakwenda wapi?

Mmesikia? Rudia, mama zako wa nyuma hawakusikia.

Wajir! Amesema Wajir, na jioni tunarudi kula nyumbani! Mmenisikiliza vya kutosha, Mungu awalipe. Sasa nipisheni nipite, binti yangu ananisubiri.