Kapteni Shingo, Mwalimu wa Marubani

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, katika chumba kilichokuwa nyuma ya gereji ya babu, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Alisoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa kuosha ndege, na mwaka 1979 akafuzu urubani.

Alifundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walimwita Kapteni Shingo, maana angani shingo yake haikutulia. Marubani huhesabu pua ya ndege kuwa kumi na mbili kwenye uso wa saa. Mwongoza ndege aliposema redioni kuna ndege nyingine kwenye mbili, wanafunzi walikodoa macho hapo hapo.

"Upepo unatoka wapi?" aliwauliza. "Yule anayetutazama kwenye skrini ya rada anaona tunakokwenda, haoni pua imeelekea wapi. Upepo wa kulia umetufanya tugeuze pua kulia. Itafute kwenye moja."

Tarehe 18 Desemba 1982 alimwoa mama yetu, karani wa hali ya hewa pale uwanjani. Alimtania kwamba katika utabiri wake wote, uliotimia ni ule wa kuolewa naye tu.

Kisukari kilimwanza mwaka 2008, kikamwingia machoni. Februari mwaka jana aliruka na binti yake wa pili, rubani pia. Wakaarifiwa kuna ndege mbele, maili tatu. Baba akajibu, "Nimeiona," na rubani akishajibu hivyo, jukumu la kukwepa ni lake. Lakini alikuwa anatazama kwingine. Binti akashika usukani, akakwepa. Walipotua, binti aliwaandikia wakaguzi wa usalama wa anga, na baba akapoteza leseni.

Binti huyo ni mimi. Baba alishikilia kwamba aliiona, na kwa miezi kumi na minne hakunisemesha. Ndugu waliniita msaliti. Mama alinipakulia chakula bila kuniangalia usoni. Iliniuma sana.

Figo zilipofeli alilazwa tarehe 2 Aprili 2025. Alifariki Ijumaa, tarehe 11, saa tatu asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Jumatano, siku mbili kabla, aliomba tubaki wawili wodini.

"Mama," aliniambia, "ile ndege sikuiona. Niliona aibu mbele yako. Iandike kwenye wasifu wangu, uisome wote wakiwepo."

Nimeisoma, baba. Mungu akupe pumziko.