Irakoze Justini, Aliyebeba Magonjwa Mawili (2019–2026)

Irakoze Justini alizaliwa tarehe 14 Februari 2019 katika zahanati ya kijiji huko Ulyankulu, mtoto pekee wa Justini na Esperansi. Weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya buluu. Bibi yake, Marsiana, alisema Mungu amemtilia mbingu machoni. Ukoo mzima ukajisifu, na aliyejisifu kuliko wote ni mjomba wake Fideli, fundi baiskeli wa Gongoni, ambaye ndiye anayewasomea haya. Alidai uzuri huo umetoka upande wake. Kumbe ile buluu ilikuwa dalili.

Alianza chekechea Januari 2024 na darasa la kwanza mwaka uliofuata. Mjomba wake aliishia la tano, na marehemu hakumwacha apumue: “Mjomba, la pili ndilo hili. Nakaribia kukupita!”

Kwa upande wa kazi, kila likizo alisimamia karakana ya Fideli. Aliketi juu ya mto, mbele ya beseni la kutafutia pancha, akitoa amri. “Panatoa povu hapo! Wewe fundi gani?” Ndoa hakujaaliwa, ingawa alishatangaza kuwa ataolewa na mwenye baiskeli ya kengele mbili.

Sasa maradhi. Alipokuwa na mwaka mmoja alivunjika mkono, na alipofika miwili akavunjika paja. Mwili wake haukuisha madoa ya damu iliyovilia. Mwaka 2022 Fideli aliitisha kikao cha ukoo na kumwambia Esperansi mbele ya wakubwa na wadogo, “Dada, mkono wako umezidi. Utaua mtoto.” Esperansi alilia, akaapa. Hakuaminiwa. Mtoto akapelekwa kwa bibi miezi minne.

Mwaka 2023, hospitalini Tabora, Daktari Zuwena aliyatazama yale macho, akapima, akasema mtoto amezaliwa na mifupa inayovunjika kirahisi. Wengine katika ukoo wakaacha kumlaumu Esperansi. Fideli hakuacha. “Mifupa sawa. Na hayo madoa je?”

Juni 2025 jino la mbele la Irakoze lililegea. Fideli, aliyeng'oa meno ya utoto ya ukoo wote na hakuna aliyewahi kulalamika, alifunga uzi, akavuta, jino likarushwa juu ya bati, watoto wakashangilia. Damu ikatoka. Saa mbili baadaye ilikuwa bado inatoka. Esperansi alibadilisha pamba ya tano, akamtazama kaka yake.

“Na leo, kaka, nani kampiga?”

Fideli alimnyanyua mtoto.

Walikimbilia Tabora. Damu ya mtoto ilipelekwa mbali kusomwa vinasaba, na Agosti majibu yalirudi: damu yake haigandi vizuri. Ulikuwa ugonjwa wa pili, nao haukutokana na ule wa kwanza. Yote mawili ni adimu, na alizaliwa nayo.

“Daktari, tazama vizuri. Mmechanganya karatasi za watoto wawili,” Fideli alisema.

“Hata mimi nilidhani hivyo, mzee. Nikapima tena.”

Miaka mitatu Fideli alikuwa amemtafuta mkosaji, na mkosaji hakuwepo. Alipaswa kuitisha kikao kingine siku ileile. Kiburi kikamzuia; akasema atafanya Krismasi, kisha Pasaka.

Tarehe 3 Februari 2026 Irakoze aliteleza kizingitini. Paja lilivunjika, damu ikavujia ndani. Madaktari walihangaika usiku na mchana, lakini alfajiri ya tarehe 6 aliaga dunia. Hadi sasa hatujaamini.

Ameacha baba yake, Justini. Bibi yake, Marsiana. Mjomba wake, Fideli. Na mama yake, Esperansi, ambaye hakumpiga hata siku moja. Ndivyo ilivyochapwa kwenye ratiba ya mazishi, na ndivyo inavyosomwa hapa, mbele ya ukoo uleule uliokaa kikao.

Pumzika kwa amani, mwana wetu.